Mwaka wa kombe la Down, na salamu ya Niemba

Ninaishi County Down, Ireland ya Kaskazini, na kazi yangu ni kuwatunza wazee. Mapema nilijifunza kwamba ukitaka mzee wa huku achangamke, muulize alikuwa wapi siku Down walipolichukua kombe.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, 25 Septemba 1960. Katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, mbele ya watu zaidi ya 87,000, Down waliwashinda Kerry, mabingwa watetezi, katika fainali ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa watu 15 kila upande unaochezwa kwa mikono na miguu. James McCartan alipiga mpira mrefu uliomponyoka kipa ukaingia wavuni, na muda mfupi baadaye Paddy Doherty akafunga penalti. Down walimaliza na magoli 2 na pointi 10. Kerry waliondoka na pointi 8 tu. Kombe hilo, liitwalo Sam Maguire, likavuka mpaka kutoka Jamhuri ya Ireland kuingia Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, kwa mara ya kwanza, na kwa Wakatoliki wa huku, waliobaguliwa katika nyumba na katika kura, furaha ile ilikuwa kubwa kuliko mchezo wenyewe.

Babu mmoja ninayemhudumia alikuwa na umri wa miaka 12. Aliponiuliza kwetu ni wapi, nikamjibu kuwa ni Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Alinyamaza kidogo, kisha akataja Albertville. Nilishtuka, kwa sababu Albertville ndiyo Kalemie ya leo, mji ulio ng'ambo ya ziwa letu, na sikutarajia kulisikia jina lake la kikoloni kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Afrika.

Alilisikia redioni. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jimbo lake la Katanga likajitenga siku chache baadaye chini ya Moïse Tshombe, na mwezi Julai Ireland ikapeleka askari wake kwenye jeshi la Umoja wa Mataifa. Wengi wao walikuwa vijana ambao hawakuwahi kutoka nje ya nchi yao, nao walifika katika joto lile wakiwa wamevaa sare nzito za sufu. Tarehe 8 Novemba, doria ya watu 11 iliyoongozwa na Luteni Kevin Gleeson ilikuwa ikishughulikia daraja lililoharibiwa karibu na Niemba, kijiji kilicho magharibi mwa Albertville, ndipo ilipozingirwa na wapiganaji wa Kiluba wenye pinde na mishale. Simulizi za tukio hilo zinaeleza kwamba Gleeson aliwasalimu kwa neno moja: «Jambo.» Askari 9 waliuawa, wawili wakanusurika.

Waluba wa kaskazini mwa Katanga walikuwa wamechomewa vijiji na askari wa Tshombe waliokuwa na maofisa Wazungu, na inaelekea waliona katika nyuso zile maadui walewale. Haya yapaswa kusemwa, maana jina la Waluba liliingia katika lugha ya mitaani ya Ireland likiwa na maana ya mtu mkali asiyezuilika, na waliolitumia hawakuambiwa habari za vijiji vile. Ninawahurumia vijana wale kwa moyo wote, na ninawahurumia pia waliowaua.

Siku hiyohiyo ya Novemba Wamarekani walikuwa wakipiga kura iliyomchagua John Kennedy, kitukuu wa wahamiaji kutoka Wexford. Mjini New York, Mwairishi Frederick Boland alikuwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na mwezi uliotangulia alivunja nyundo yake akijaribu kutuliza kikao alichokuwamo Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti. Kwetu, Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba, baada ya TANU kupata viti 70 kati ya 71.

Lakini babu hakutaka kusikia habari za New York. Anakumbuka kwamba kombe lilikuwa bado likizungushwa vijijini wakati majeneza yalipopita katika mitaa ya Dublin iliyofurika watu. Aliniuliza neno lile alilolitamka Gleeson hujibiwaje. Nilimwambia kwamba upande ule wa ziwa mtu akikusalimu «jambo», unamjibu «jambo sana». Alilirudia mara mbili, polepole, mpaka akalitamka sawasawa.