Sheli (shell, pale unapoandika amri za kompyuta) ya bure ya kuchezea

Mi nilianza kujifunza Linux kwenye kompyuta yangu mwenyewe, kosa kubwa hilo, siku moja nikapiga rm -rf, amri ya kufuta kila kitu, nikiwa kwenye folda siyo na picha zote zikaenda, basi toka siku hiyo mazoezi nafanyia kwenye mashine za watu 😅

Kama hujawahi kabisa anza na Bandit ya OverTheWire, mchezo wa kujifunzia amri mtandaoni. Unafungua terminali unaandika ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220 (ssh ndiyo inakuingiza kwenye kompyuta ya mbali), paswadi ni bandit0, umeshaingia, hakuna kujisajili wala nini. Hatua ya kwanza ni kusoma faili linaitwa readme, rahisi. Inayofuata faili linaitwa - tu, kistari kimoja, ukiandika cat - (cat ni amri ya kusoma faili) inakukodolea macho maana inasubiri wewe uchape kitu, mi nilikaa hapo nikidhani neti imekata kumbe inatakiwa cat ./- tu jamani.

Ukitaka pako pa kudumu kuna SDF, seva ya jamii inayogawa akaunti za sheli, wapo toka 1987, unapiga ssh new@sdf.org unafuata maelekezo. Ni NetBSD, mfumo mwingine wa aina ya Unix, siyo Linux, na akaunti ya bure imebanwa mpaka wakuthibitishe. Halafu kuna tilde.club ya 2014, nayo seva ya jamii, ile unaomba nafasi.

Ila kumbuka unashea seva na wengine, so usiweke funguo zako za siri humo, na faili zako zipige chmod 600 ili wewe tu uzisome na kuziandika. Na usiskani (kupekua milango ya mtandao) mashine za watu ukiwa humo, utafungiwa akaunti fasta.