Skripti moja, mashine tatu

Ilikuwa ofisi ya wakala wa forodha, kando ya Moi Avenue, Mombasa. Skripti yenyewe fupi: inachukua kontena.csv, orodha ya kontena zilizoshushwa Kilindini, inageuza nukta-mkato kuwa koma, kisha inaipa faili tarehe ya jana. Kwenye seva ya Ubuntu haikuwa na neno. Siku hiyo ikapelekwa kwenye Mac ya mhasibu na laptopu ya Windows ya karani.

Mac ndiyo iliyoanza vituko. "Mwanangu," mhasibu akaita, "hii yanigombeza kwa herufi k." Kweli, kiooni paliandikwa `invalid command code k`. Sed, programu ya kubadilisha maandishi ndani ya faili, kwenye macOS ina asili ya BSD, tawi mojawapo la Unix, na baada ya `-i` hudai kiambishi cha nakala ya akiba. Basi katika `sed -i 's/;/,/g' kontena.csv` ikameza maagizo yote kama kiambishi, halafu ikalisoma jina la faili kama amri. Sed haina amri ya k. Wengi hutia `-i ''`, dawa inayoponya Mac na kuiua Linux. Kinachokubalika kote ni `sed -i.bak`, bila nafasi katikati; hiyo .bak hufutwa baadaye.

Tarehe nayo: `date -d yesterday` ni ya GNU, yaani zana za kawaida za Linux, Mac inataka `-v-1d`. Kuuliza `uname`, amri inayotaja mfumo wa kompyuta, kwanza hakutoshi, maana mtu aweza kuwa ameweka zana za GNU kwenye Mac yake. Afadhali kujaribu amri yenyewe:

`date -v-1d +%F 2>/dev/null || date -d yesterday +%F`

Windows ilikuwa na ujanja wake. Kwa karani kila kitu kilikwenda, ndani ya Git Bash, dirisha la amri za mtindo wa Linux linalokuja na Git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Lakini alibadilisha njia ya folda kwa kihariri kilichofunga mistari kwa CRLF, herufi mbili za Windows badala ya ile moja ya Linux, LF, na skripti iliporudi kwenye seva ikakataa: `bad interpreter`. Linux ilikuwa ikitafuta programu iitwayo bash yenye herufi isiyoonekana mkiani. `cat -A` ikaianika: `^M$` kila mwisho wa mstari. `sed -i.bak 's/\r$//'` ikasafisha, na ndani ya .gitattributes ukaongezwa mstari mmoja, `*.sh text eol=lf`, ili Git ihifadhi na kutoa skripti hizo kwa miisho ya LF daima, hata kwenye laptopu ya karani.