Jinsi nilivyosoma mabamba ya AUAM

Mimi ni fundi wa pavé hapa Lubumbashi. Vile vitofali vya simenti ambavyo watu wanapanga kwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ili matope ya mvua yasiingie nyumbani, ndiyo kazi yangu, na ni kazi ya magoti. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilipata kazi upande wa Makomeno, kwenye nyumba ya zamani yenye bustani kubwa nyuma. Tulikadiria siku tisa. Tulimaliza siku ya ishirini na mbili.

Siku ya tatu chepe ya kijana wangu iligonga kitu chini ya udongo mwekundu. Tukafagia. Likatokea bamba la simenti, sentimita 50 kwa 50, zito kama kilo 35 hivi, na juu yake herufi zilizozama ndani: AUAM. Hatua sita mbele, lingine: ILAM. La tatu lilikuwa karibu na mlango wa jikoni: A, I, L, halafu N iliyogeuka, mstari wake wa katikati umelala upande usio wake. La nne halikuwa na herufi. Lilikuwa na msalaba tu, uliolala kama X, ncha zake zimepanuka.

Ule msalaba ndio ulioharibu kazi. Vijana wangu wawili wakaweka machepe chini. "Patron, hapa ni malalo. Hatuchimbe malalo ya bantu." Nkambo, mama mzazi wa mwenye lupango, alikuwa amekaa barazani akasikia yote. Akasimama na fimbo yake akasema bamba hata moja lisiinuliwe mpaka ijulikane nani amelala pale. Binti yake ndiye anayelipa, lakini nyumba ile neno la Nkambo halina rufaa.

Majirani walikuja kusaidia kusoma, na kila mmoja alitafuta kampuni. Hiyo ni tabia yetu. Ukikulia L'shi unajifunza vifupisho vya mashirika kabla hujajua majina ya shangazi zako wote: CSK, UMHK, BCK, KDL, SNCC, SNEL. Mji wenyewe ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba na reli, kwa hiyo ukiona herufi nne kwenye simenti ya zamani, kichwa kinakwenda kwa Wabelgiji moja kwa moja. Mmoja aliapa kwamba AUAM ni shirika la bima. Mwingine alisema ni herufi za kwanza za majina ya marehemu, na huyo sikumshukuru.

Akaja mwanafunzi wa jirani na simu yake, kijana mwenye nia njema kabisa. Alitaka kumtuliza Nkambo kwa kumwonyesha kwamba duniani kote watu wanaandika barabarani na hakuna anayekimbia. Akamwonyesha kwanza vibamba vya Ujerumani, vya shaba nyeupe juu ya simenti, sentimita 10 kwa 10, ambavyo msanii Gunter Demnig alianza kuviweka Köln mwaka 1992, na leo vimepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. "Vinaandikwa nini?" akauliza Nkambo. Kijana akajibu kwa uaminifu: jina la mtu aliyeishi kwenye nyumba hiyo kabla Wanazi hawajamchukua, na mara nyingi mahali alipouawa. Nkambo akanyamaza. Kijana, badala ya kuacha hapo, akahamia Philadelphia, Marekani, kwenye vile vibao vilivyogandishwa kwenye lami tangu miaka ya 1980, vinavyozungumzia kufufua wafu kwenye sayari ya Mshtarii.

Siku hiyo geti lilifungwa tukiwa nje.

Lakini mimi vile vibao vya Marekani vilinivutia kama fundi. Herufi zinakatwa kwenye linoleamu, lile tandiko la sakafuni, zinafunikwa kwa karatasi ya lami na kuachwa barabarani. Magari yenyewe yanazikandamiza, karatasi inalika, na baada ya muda maandishi yanatokea. Aliyevibuni hakuhitaji ruhusa ya meya wala mchanganyiko wa simenti. Nilikaa usiku mzima nikifikiria jambo hilo moja: maandishi ya chini yanaeleweka ukijua yametengenezwaje. Nililala bila kulifikisha kwenye mabamba yangu mwenyewe. Ujinga wangu ndio huo.

Kulikuwa na papa mmoja Kamalondo, mstaafu wa reli, ambaye watu walisema anajua kila alama ya mji huu. Miguu yake haimfikishi mbali, na mabamba hayakuruhusiwa kuinuliwa, basi ilibidi nimpelekee nakala. Picha za simu nilizopiga saa sita hazikufaa. Jua likiwa utosini herufi zilizoliwa na miaka hazina kivuli. Nilirudi jioni, nikalaza tochi chini kabisa, pembeni mwa bamba, na pale kila mkwaruzo ukasimama. Nikatoa udongo ndani ya herufi kwa kijiti cha mwanzi na ufagio laini. Brashi ya waya usiiguse, itaandika maandishi yake. Kisha nikatandika kalke, ile karatasi inayopitisha mwanga, niliyoomba mabaki yake kwa mchora ramani za nyumba, nikaifunga kwa utepe pembe nne, na kupitisha makala, yaani kipande cha mkaa, kwa ubapa, polepole. Simenti inashika weusi, herufi zilizozama zinabaki nyeupe.

Papa aliziangalia kwa muda mrefu. "BCK ninajua, KDL ninajua, SNCC nilitumika. Hii AUAM haikupita kwetu hata siku moja." Lakini ule msalaba alicheka. Akasema si wa kanisa, ni wa mukuba: msalaba wa shaba ambao wazee walimimina kwenye umbo lililochimbwa mchangani, ukawa feza kabla ya feza, ukatolewa mahari, na mwaka 1960 mitatu ikawekwa kwenye bendera ya Katanga. "Mtu alipamba bustani," akasema. "Hapana kufa kwa mutu pale."

Nilifika nyumbani nimepata nusu. Makala yalikuwa yanachafua kila kitu, basi nikatundika kalke ya tatu mlangoni kwa vibanio vya nguo ili vumbi lidondoke, upande mweusi ukiniangalia mimi ndani. Mke wangu akatoka uani na beseni mikononi, akasimama nje ya mlango.

"Unaandika njia," akasema, "na njia unaifunga!"

Nikatoka nje nikasimama kando yake. NJIA. Nikazigeuza zile nyingine mbili. MAUA. MAJI.

Miaka kumi na moja nimemimina pavé, na uso wa pavé unazaliwa ukiangalia chini, kwenye sakafu ya umbo, yaani kalibu. Huyu bwana alipigilia vijiti vya mbao ndani ya umbo lake akiandika sawasawa, kama mtu anavyoandika barua. Alipofumua, kila kitu kikawa kinyume. J ya vijiti ikigeuka inakuwa L kamili. M, A, U na I hazijali kugeuzwa, ndiyo maana tulidanganyika. N peke yake ilikuwa inatupigia kelele tangu siku ya kwanza, tukaiita kosa. Lilikuwa kosa kweli, ila si lile tulilodhani, na sisi wote, wajuzi wa vifupisho, hakuna aliyejaribu Kiswahili.

Nkambo hakuamini karatasi. Nikamwambia: kama ni MAJI kweli, basi chini yana njia yake. Tukachimba kwa mikono kando ya bamba la ILAM, na kwenye sentimita 40 hivi tukakuta bomba la chuma la zamani, pale pale ambapo kesho yake sururu ingepita. Vijana wakachukua machepe bila kuambiwa.

Mabamba manne yamebaki mahali pake, pavé zangu zimeyazunguka. Mwenye lupango amepanda maua kando ya AUAM. Nkambo anakaa huko kila jioni, lakini akienda jikoni bamba la njia halikanyagi. Anapita kwenye majani.