Usaha huo seli zako zimeuita zenyewe

"Dokta, hapa kwenye majibu ya mkojo mmeandika chembe za usaha nyingi. Kwani nina kidonda ndani?" Swali hili nalipata sana dirishani kwetu maabara. (Hata sisi tunaopima tunaitwa dokta, tumeshachoka kukataa.)

Mara nyingi hakuna kidonda. Chembe zile ni seli nyeupe za damu, na kilichonivutia mimi ni nani aliyeziita.

Mhusika mkuu wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ni bakteria E. coli. Anatoka njia ya haja kubwa, anapanda hadi kibofuni, anang'ang'ania ukutani kwa vinyweleo vyake ili mkojo usimfagie. Baadhi yao, hasa wanaofika mpaka kwenye figo, hutoa sumu iitwayo hemolisini. Kazi yake unaiona kwa macho. Mwoteshe bakteria huyo kwenye sahani ya agari (chakula kilichoganda cha kuoteshea bakteria) yenye damu ya kondoo, ilaze kwenye inkubeta, kabati letu la joto. Asubuhi kila koloni, yaani kila kirundo cha bakteria, limezungukwa na duara jeupe angavu. Inua sahani kwenye taa, mwanga unapita hapo moja kwa moja, maana chembe nyekundu zote zimepasuka.

Basi nilidhani hata mwilini ni kupasua tu. Kumbe sumu ikiwa kidogo, seli haifi. Mwaka 2000 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba kwenye seli za figo hemolisini hufanya kalsiamu ya ndani ipande na kushuka, ipande na kushuka, takriban kila dakika 12. Kutokana na mapigo hayo seli hutoa interlukini 6 na interlukini 8, protini za kupeana taarifa kati ya seli. Hiyo ya 8 ndiyo inayozivuta seli nyeupe kutoka kwenye damu, nazo zikijaa, pale panavimba na kuuma. Ganda la bakteria nalo lina sumu yake, na seli huitambua hata bakteria mwenyewe akiwa mfu.

Ndiyo maana kile kiboksi kinachogeuka zambarau kwenye stripu, kile kijiti tunachochovya kwenye mkojo, hakipimi bakteria. Kinapima kimeng'enya cha seli nyeupe, na hizo zinaweza kuingia kutoka hata ukeni. Kwa hiyo nikikupa kikopo nikasema mkojo wa mwanzo umwage, kinga wa katikati, usinune. Na tafadhali, usianze vidonge vya jirani kabla hujaniletea mkojo huo.