Siku yangu moja mwaloni Kibirizi, siku niliyomaliza deni la kichanja

Habari za saa hizi ndugu zangu. Kuna watu wananiuliza sana mimi huwa napangaje malengo wakati biashara yenyewe ni ya dagaa, leo umepata kesho umekosa, nikaona bora niandike siku yangu ya jana yote kama ilivyokwenda maana jana kwangu ilikuwa siku kubwa. Niko Kigoma, nakausha na kuuza dagaa mwalo wa Kibirizi, yaani pale ufukweni vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki.

Saa 10 na nusu alfajiri

Naamka, natoka nje kuangalia mwezi kabla hata sijashika simu. Sisi watu wa dagaa kalenda yetu iko juu. Uvuvi wa dagaa hapa Ziwa Tanganyika ni wa taa, zamani zilikuwa karabai siku hizi nyingi ni za sola na betri, taa inawavuta dagaa wanakuja juu halafu wavu unawainua, sasa mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa lote linakuwa jeupe, taa inakosa kazi na dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo kuna giza, ndo wakati wa kazi, na kuna mwezi, ndo wakati vijana wanapumzika na kushona nyavu. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu hivi na humo ndani kama wiki nzima unaichukua mwezi. Ndo maana mtu akiniambia niweke lengo la kuingiza elfu 20 kila siku namkatalia, kwa kazi hii lengo la hivyo litakuvunja moyo bure, utajiona mzembe kumbe ni mwezi tu umetoka.

Usiku wa kuamkia jana mwezi ulizama kama saa 9, maana yake vijana walipata masaa machache tu ya giza kabla hakujapambazuka. Nikajua kabisa leo dagaa watakuwa wachache na bei itakuwa juu.

Nikafungua daftari. Kila giza, yaani kila msimu wa kuvua kati ya mwezi na mwezi, naandika malengo mawili, siongezi la tatu. La giza hili lilikuwa hivi: dagaa wangu wote wakauke juu ya kichanja, ile meza ya kuanikia, hakuna wa kulala mchangani, na la pili nimalize rejesho la mwisho la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ule mkopo niliochukua kununua nyavu za waya na nguzo za kichanja cha tatu. Faida siandiki kama lengo. Faida naihesabu ikishaingia, kwenye lengo naandika kile ambacho mkono wangu unaweza kukifanya hata samaki wakiwa wachache. Hili nimefundishwa na shangazi yangu wa Ujiji, yeye kauza dagaa tangu sijazaliwa na watoto wake wote wamesoma, alikuwa ananiambia mwanangu samaki usiwapangie, jipangie wewe.

Saa 12 asubuhi

Nishafika mwaloni. Wale wasiopajua, Kibirizi ni hapa hapa karibu na mjini upande wa kaskazini, ndo boti za kwenda vijiji vya mwambao na kule Gombe zinapoondokea, kwa hiyo asubuhi kuna abiria, kuna wabeba mizigo, kuna sisi na mabeseni, kuna mama wa uji, kelele mtindo mmoja. Mwakeye, salamu yetu ya Kiha, huku, shikamoo kule, ukimaliza kusalimia vipe vinaanza kuingia. Kipe ni mitumbwi iliyounganishwa kwa nguzo, taa zinaning'inia. Ukitaka kujua usiku ulikuwaje angalia vijana wanavyoshuka, wakishuka wanaimba dagaa wapo, jana walishuka kimya.

Kaka mmoja ambaye huwa nanunua kwake nikamwambia kaka za usiku, akasema dada salama ila si umeuona mwezi wenyewe. Bei ya beseni la dagaa ilikuwa imepanda karibu mara mbili ya wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nimeshaandika tangu nyumbani bei yangu ya mwisho ni kiasi gani na kwamba ikivuka hapo sinunui zaidi ya mabeseni mawili, basi nikanunua mawili. Watu waligombania pale, wengine wakachukua matano sita kwa mkopo wa bei ile ile, mi nikabeba yangu nikaondoka na moyo mweupe. Unajua lengo likiwa limeandikwa mapema linakusaidia sana saa ile ya kugombania, maana pale mwaloni akili haipati nafasi.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndo kazi yenyewe ninayoipenda. Natandaza. Kichanja ni meza ndefu ya nguzo, juu yake unavuta waya wa nyavu kisha unalaza wavu laini, kimo chake kama kiunoni ili hewa ipite chini na juu na kuku wasifikie. Dagaa unawamwaga kidogo kidogo halafu unawapapasa kwa kiganja mpaka kila mmoja alale peke yake, wakipandana wale wa chini wanachelewa na wanaanza kunuka. Natoa majani, natoa vipande vya nyavu, natoa vitoto vya migebuka, samaki wengine wa ziwa hili, na lumbu, aina ya dagaa wakubwa, nawaweka pembeni maana wanachelewa kukauka kuliko dagaa wadogo. Ukiinama pale jua la asubuhi likiwapiga wanang'aa kama vijiko vipya, mgongo una kijani kidogo na tumbo jeupe kabisa, na mkono wako wote unabaki na magamba madogo madogo yasiyotoka hata kwa sabuni.

Mabeseni yote mawili yaliisha kwenye vichanja viwili, cha tatu kilibaki kitupu. Nikakipangusa hivyo hivyo, nikasimama nikakiangalia. Nguzo zake nilizichagua mwenyewe.

Saa 4

Chai na muhogo wa kuchemsha kwa mama wa uji. Akaja mdogo wetu mmoja hapa mwaloni, binti kamaliza form four, ana bidii huyo mtoto jamani, akaniambia dada mimi mpaka Desemba nataka niwe na milioni 5. Nikamwambia vizuri mdogo wangu, hebu tuhesabu. Mpaka Desemba yamebaki magiza mangapi? Akahesabu kwa vidole akasema manne. Na mvua zinaanza lini huku kwetu? Akasema Oktoba, Novemba. Kwa hiyo katika hayo manne mangapi ni ya jua la uhakika? Akanyamaza kidogo akasema dada sikuwahi kuipiga hivyo.

Sikumkatisha tamaa, sipendi watu wanaomkatisha mtu tamaa. Nilimuuliza tu leo anafanya kazi kwa mtaji wa nani, akasema wa mkopo kila asubuhi, ananunua kwa deni, jioni analipa. Tukakubaliana lengo lake la kwanza liwe kununua beseni moja kwa hela yake mwenyewe bila kukopa, na awe amelifikia kabla giza hili linalokuja halijaisha. Beseni moja tu. Akiliweza hilo, lile deni la kila siku linaanza kupungua na anakuwa na nguvu ya kukataa bei mbaya. Tuliliandika nyuma ya boksi la chai, akalikunja akaweka kwenye pochi. Ile milioni 5 haijafutwa, ipo, ila sasa ina mlango wa kuingilia.

Saa 7 mchana

Jua kali, nageuza. Ukigeuza unaanzia upande upepo unapotokea. Namna ya kujua amekauka unamkunja, akiinama tu bado, akikatika ka! tayari. Na maji yakishatoka mzigo unapungua kweli kweli, wabichi kilo tatu nne hivi ndo zinakupa kilo moja ya wakavu, hii nayo ni hesabu ambayo mtu anayepanga malengo lazima aijue, usije ukapanga maisha yako kwa uzito wa dagaa wabichi.

Wakati nageuza nikakumbuka mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti hakuna kuvua, samaki wazaliane na wakue. Watu tulilia, maana huku kila kitu kinategemea ziwa. Lakini shangazi aliniambia miezi hii mitatu lengo lako liwe moja, mtaji usiliwe. Basi. Nikauza mawese kwa vidumu, nikapata ya chumvi na sabuni na ada ya mtoto kidogo, na ziwa lilipofunguliwa mtaji wangu ulikuwa pale pale. Kwa macho ya mtu wa nje sikupiga hatua yoyote, ila mimi nilijua nimeshinda, nilitembea mwaloni kichwa juu. Kuna kipindi kubaki ulipo ndo lengo lenyewe, na ukilitimiza una haki ya kulifurahia kama mtu aliyejenga.

Saa 9 alasiri

Wameshakatika. Nakusanya, napepeta, naweka kwenye viroba vipya. Mteja wangu mmoja anayepeleka mzigo Dar alikuja, huyu hana maneno mengi, anachota kiganja kimoja anasugua juu ya kitambaa cheupe, halafu anatafuna mmoja. Mchanga ukiwepo meno yanakwambia hapo hapo. Akatafuna, akachota tena, akasema mama hawa niwekee wote na wa giza lijalo niwekee. Dagaa wa mchangani wana bei yao na wa kichanja wana yao, tofauti yake ndo iliyolipa hizi nguzo. Alinilipa palepale.

Saa 10 jioni

Kikoba. Tunakaa chini ya mwembe, sanduku letu lina kufuli 3 na funguo wanashika watu 3 tofauti, halifunguliwi mpaka wote wafike. Hisa moja kwetu ni 2,000 na kwa wiki mwanachama ananunua kuanzia 1 mpaka 5, mkopo hauzidi mara 3 ya akiba yako, na mimi naupenda sana huu utaratibu maana wenyewe unakulazimisha uote kwa kipimo cha ulichonacho.

Nilipochukua ule mkopo niliomba rejesho langu lipangwe kwa wiki tatu za kila mwezi, siyo nne, ile wiki ya mwezi mpevu niweke hisa moja tu. Mwanzoni wenzangu waliona najidekeza, mwenyekiti akasema mwacheni anaijua kazi yake. Na kweli sijawahi kupigwa faini ya kuchelewesha.

Jina langu likaitwa. Nikasimama nikaweka hela mezani, mhesabu fedha akahesabu, wa pili akahesabu, katibu akachukua rula akapiga mstari mwekundu chini ya ukurasa wangu wote na akaandika AMEMALIZA. Makofi, vigelegele, mama mmoja mtu mzima akanishika mkono akasema hongera mwanangu. Jamani nililia kidogo. Ni kichanja tu, wala siyo nyumba wala siyo gari, ila kile kifua kilivyofunguka siwezi kukueleza. Nilitaka kufanya kitu, nikakipanga kwa kadiri ya uwezo wangu, nikakimaliza kwa siku niliyosema.

Na hapa nataka kusema kitu kinachoniuma. Tuna tabia mtu akimaliza jambo hapo hapo anaulizwa bado nini, lini utajenga, lini utanunua kiwanja. Hata jana dada mmoja pale kikobani aliniambia sasa chukua mkubwa zaidi uweke vichanja 10. Nikamwambia asante dada yangu, leo nafurahia hiki. Usiponyamaza ukafurahi, utafanya kazi miaka na miaka na moyo wako hautajua kama ulishawahi kufika popote, halafu siku mwezi ukitoka huna hata kumbukumbu ya kukutia nguvu.

Saa 12 jioni na kuendelea

Nilipita sokoni Mwanga nikachukua doti ya kitenge niliyojiahidi tangu siku nachukua mkopo, ile ya bluu yenye ndege. Nyumbani nikapika mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, wanangu wakala mpaka wakalala chali, mume wangu akasoma ule ukurasa wa kikoba mara mbili akaniambia hongera mama watoto, kesho kutwa mwezi ukiwa mkubwa nakusaidia kukaza zile waya za kichanja cha kwanza zimelegea. Hilo nalo tukaliandika.

Giza lijalo malengo yangu ni haya mawili. Turubai moja kubwa la kufunikia vichanja kabla mvua hazijaanza, bei yake nishauliza madukani na nitaitoa kwenye mauzo, sikopi. Na la pili, yule mdogo wangu wa milioni 5 nimemwambia kile kichanja cha tatu siku nisiyokijaza atandaze beseni lake bure mpaka atakapokuwa na cha kwake. Amekubali, anaanza giza likirudi.