Alama Zimejaa, Mtandao Haupiti

Wateja wengi ninaowafungia mtandao hapa Dodoma huanza malalamiko kwa maneno yaleyale: "Kaka, alama zimejaa zote lakini hakuna kinachofunguka." Ninawaelewa. Alama zile hupima nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye ruta, wala hazisemi lolote kuhusu kelele za redio zilizokuwapo mahali hapo kabla ya ruta kuwashwa. Mtu anaweza kukuita kwa sauti kubwa katikati ya mnada wa Msalato usimsikie, na uwanja ukishakuwa mtupu ukamsikia hata akinong'ona.

Chukua mfano wa vipimo. Simu ikipokea mawimbi ya ruta kwa hasi 60 katika dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho namba ikikaribia sifuri nguvu ni kubwa zaidi, na kelele zikiwa hasi 95, tofauti ni desibeli 35 na mtandao unakimbia vizuri. Kelele zikipanda hadi hasi 70, tofauti hubaki desibeli 10 tu; alama kwenye simu hazipungui hata moja, ila kifaa hulazimika kushuka kwenye kasi ya chini na kurudia kutuma data zilizoharibika njiani. Zaidi ya hapo, Wi-Fi husikiliza kwanza kabla ya kutuma, na ikisikia masafa yana shughuli husubiri, hivyo chanzo chenye nguvu kinaweza kuinyamazisha ruta nzima bila kuharibu chochote ndani yake.

Jambo hili nililiona kwa karibu katika duka moja la steshenari kule Ng'ong'ona, ambako mwenye duka alikuwa amekwisha kuamua kwamba ruta ni mbovu. Asubuhi kompyuta zilipata majibu ya ruta ndani ya milisekunde chache. Ilipofika saa ya chakula majibu yakawa ya mamia ya milisekunde, na mengine hayakurudi kabisa. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mgahawa, na kwenye meza iliyougusa ukuta huo palikuwa na maikrowevu. Nilimwamkia mama mwenye mgahawa, nikamwomba aniruhusu kusimama pale huku kijana wangu akiangalia kompyuta upande wa pili. Kila ilipopashwa sahani ya wali mtandao ulichechemea, na kengele ya maikrowevu ilipolia ukarudi.

Maikrowevu hutumia masafa ya takriban gigahezi 2.45, ambayo yamo ndani kabisa ya masafa ya Wi-Fi yanayoanzia gigahezi 2.4 na kuishia 2.4835. Ndani yake kuna mamia ya wati, ilhali ruta ya kawaida hutoa takriban miliwati 100, kwa hiyo hata mvujo mdogo usiomdhuru mpishi unatosha kuifunika ruta iliyo karibu. Maikrowevu nyingi za nyumbani hufuata mapigo ya umeme wetu wa hezi 50, yaani hutoa mawimbi kwa takriban milisekunde 10 na kunyamaza 10 nyingine, na ndiyo maana mtandao huchechemea badala ya kufa. Tulizihamishia kompyuta kwenye masafa ya gigahezi 5, na printa ya zamani isiyoyajua masafa hayo tukaivutia waya.

Chanzo cha usumbufu si lazima kiwe kwenye masafa yaleyale. Kituo cha FM hurusha kati ya megahezi 88 na 108, mbali sana na Wi-Fi, lakini antena ya paa ikifungwa jirani na mtambo wenye nguvu, mawimbi hayo huingia kupitia waya wa mtandao usio na kinga, na muunganisho wa waya huo ukaanza kukatika au kushuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100 kwa sekunde. Hapo dawa ni waya wenye kinga uliounganishwa vizuri na ardhi. Kubadilisha chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inarushia, hakusaidii kitu.

Nisichokubaliana nacho ni ushauri wa kununua kikuza mawimbi kila mtandao unaposumbua. Kikuza mawimbi hukuza kelele pamoja na mawimbi, na kinaporusha kwa nguvu zaidi humwongezea jirani kelele, naye kesho atanunua cha kwake. Katika nyumba zilizobanana za Area D ni afadhali kupunguza upana wa chaneli kutoka megahezi 40 hadi 20, kisha kuchagua chaneli 1, 6 au 11 za gigahezi 2.4, ambazo haziingiliani. Wapo wanaokimbilia chaneli 3 au 4 kwa kuwa zinaonekana tupu, wakati ukweli ni kwamba ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu, ila zilizopishana nusunusu huonana kama kelele tu.

Masafa ya gigahezi 5 nayo yana sharti lake, kwa sababu baadhi ya chaneli zake hutumiwa pia na rada. Ruta inayohisi rada hulazimika kuhama mara moja, na kabla ya kurusha kwenye chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza kwa angalau sekunde 60. Kwa hiyo jina la mtandao likipotea kwa dakika moja na kurejea lenyewe, usikimbilie kuita fundi. Ipangie ruta chaneli mojawapo kati ya 36, 40, 44 na 48, ambazo hazina sharti hilo.