Fomu ya SBIR haikuhusu, ila mpangilio wake uibe

Kila Marekani inapotangaza mada mpya (matatizo inayotaka yatatuliwe) za SBIR, mpango wake wa kuzipa biashara ndogo pesa za utafiti, linki husambaa kwenye magrupu ya mafundi wa Kisumu na Nakuru, na haichukui muda kabla hajatokea mtu wa kuuza "usajili". Usimlipe. Kujisajili SAM.gov, ambako lazima upite ukitaka mkataba wa serikali ya Marekani, ni bure. Na hata ukijaza fomu bila kosa lolote, karakana ya Kibuye haiwezi kupewa mkataba huo. Kampuni lazima iwe ya Marekani, ya kutafuta faida, yenye wafanyakazi wasiozidi 500, na zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wakaazi wa kudumu wa huko. Utafiti nao, isipokuwa kwa ruhusa ya nadra, hufanyiwa huko huko.

Kuna wanaofikiria kuingia kwa mlango wa nyuma, kama mkandarasi mdogo wa kampuni ya kule. Piga hesabu kwanza. Katika Awamu ya 1 (ya kupima kama wazo linawezekana) kampuni iliyoshinda hutakiwa kufanya yenyewe angalau theluthi mbili ya kazi, katika Awamu ya 2 (ya kutengeneza mfano) angalau nusu. Kinachobaki ni kidogo, na kama kifaa kimo kwenye orodha ya silaha inayosimamiwa na ITAR, kanuni za Marekani za usafirishaji wa silaha, kukutumia mchoro kwa barua pepe tu kunahesabiwa kuwa ni kuusafirisha nje ya nchi. Kampuni nyingi za kule hazitajaribu.

Kinachofaa kuchukuliwa pale ni namna kazi ilivyogawanywa. Sheria ni ya mwaka 1982. Idara ya serikali yenye bajeti ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya idara inayozidi dola milioni 100 hutenga asilimia 3.2 kwa biashara ndogo, na Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko zote. Awamu ya 1 huwa kama miezi sita ya kujibu swali moja: je, jambo hili linawezekana? Awamu ya 2 huwa kama miaka miwili ya kutengeneza mfano wa majaribio. Awamu ya 3 ni kuuza, na hapo ndipo wengi hawasomi vizuri: Awamu ya 3 haina pesa ya SBIR hata senti. Pesa hutoka kwa mnunuzi. Faida uliyonayo ni kwamba idara inaweza kukupa mkataba bila kukushindanisha tena, na data zako zinalindwa kwa miaka 20. Ukikosa kikosi kinachotaka kifaa chako, ripoti nzuri ya Awamu ya 2 itabaki kabatini. (Muda wa mpango wenyewe hutegemea Bunge la huko, sheria ya 2022 iliufikisha Septemba 30, 2025 tu, kwa hiyo hakikisha kwanza hali yake ya sasa.)

Jambo lingine la kuiga, kutoka Wizara ya Ulinzi ya huko: kabla mada haijafunguliwa rasmi, kuna kipindi kifupi ambapo unaruhusiwa kuongea moja kwa moja na mhandisi aliyeiandika. Dirisha likishafunguliwa, simu hizo hukatika, unabaki na maswali ya maandishi yanayosomwa na kila mtu. Kampuni zenye uzoefu hufanya nusu ya kazi yao katika kipindi hicho. Huuliza uzito, bei, nani atakibeba, na kifaa cha sasa kinashindwa wapi.

Sasa tuilete ziwani. Tuseme unataka kutengeneza boya la kutambua boti usiku, ambalo Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyoundwa kwa sheria ya 2018 na inayofanya doria hata Ziwa Victoria, ingeweza kulitumia. Kosa la kawaida ni kuandika pendekezo la "mfumo wa kisasa wa ulinzi wa ziwa". Awamu ya 1 iliyoandikwa vizuri ingeuliza: je, boya lenye antena ya mita 2 juu ya maji linaweza kufikisha ujumbe mfupi ufukweni kutoka kilomita 15, kwa siku tano bila jua?

Swali hilo lina jibu la hesabu kabla hujanunua chochote. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Antena ya mita 2 inatoa 5.8, mlingoti wa mita 10 ufukweni unatoa 13, jumla karibu 18.8. Kwa hiyo kilomita 15 inawezekana kwenye karatasi. Kwenye mawimbi, boya likiinama na antena ikishuka hadi mita 1, jumla inakuwa kama 17. Bado inaingia, ila nafasi ya makosa imepungua, na mlingoti wa mita 4 badala ya 10 ungeiua kazi yote.

Umeme nao: kifaa kinachokula wastani wa wati 0.5 kinahitaji wati-saa 12 kwa siku. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 12.8 na ampea-saa 6 ina wati-saa 77 hivi. Ukitumia asilimia 80 tu, unapata siku tano. Paneli ya wati 10 inatosha kwa jua la Kisumu, mpaka gugumaji lilalie juu yake. Hilo ndilo litakalokuangusha, siyo elektroniki. Inua paneli, iinamishe, na usiifunge kamba pembeni ambapo majani yatashika. Kisha kuna jasho la ndani ya kisanduku: mchana hewa hupanuka na kutoka, usiku husinyaa na kuvuta unyevu kupitia mpira wa mfuniko. Kuongeza silikoni hakusaidii sana. Weka kipumulio chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, na upake bodi vanishi ya elektroniki kila mahali isipokuwa kwenye soketi. Redio yenyewe iwe imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, la sivyo majaribio yako ni haramu hata yakifaulu.

Pesa ya hapa kwetu: Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti na KeNIA, wakala wa kitaifa wa ubunifu, zote zimetokana na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Karakana peke yake huwa dhaifu mbele ya mfuko wa utafiti. Ungana na chuo kikuu kama Maseno, Masinde Muliro, JOOUST au Egerton, na kabla ya kusaini kubalianeni kwa maandishi nani anamiliki nini. Marekani wana mpango pacha, STTR, ambao hata unaweka viwango: kampuni angalau asilimia 40 ya kazi, taasisi angalau 30. Ni mgawanyo mzuri wa kuanzia mazungumzo.

Upande wa kuuza, mpango wa serikali wa AGPO hutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mradi kundi hilo lishike angalau asilimia 70 ya kampuni na uongozi wote. Lakini sheria ya manunuzi ya 2015 inaruhusu vyombo vya usalama kununua baadhi ya vitu kwa siri, na hivyo huwezi kuvisubiri gazetini. Mnunuzi wa raia kwa kifaa hicho hicho, kwa mfano chama cha wavuvi kinachopoteza injini usiku, atakulipa mapema zaidi.

Na usilipeleke boya maonyesho ya ASK Mamboleo kabla hujawasilisha maombi ya hataza (patent) KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya. Kenya hukupa miezi 12 ya msamaha baada ya kujitangaza. Ulaya haikupi, na picha moja ya Facebook inatosha kuua hataza huko. Kama ubunifu wako ni maboresho tu ya kitu kilichopo, omba ile kinga ya miaka 10 (utility model) isiyodai hatua kubwa ya uvumbuzi.